“Uchafu unatoka”: kisa cha mtu aliyeacha pombe ghafla kuelekea Ramadhani, Malindi

Kisa hiki kimeandikwa kwa wauguzi, wauzaji wa maduka ya dawa, wahudumu wa afya ya jamii na kila anayemuuguza mtu wake nyumbani. Mhusika na mkewe wameridhia kisimuliwe. Jina si lake, mtaa hautajwi, kazi na umri vimebadilishwa kidogo ili asitambulike, na mwaka umeachwa nje. Tutamwita Kombo. Dozi zilizotajwa ni za mtu mmoja aliyekuwa wodini, akiangaliwa pumzi na mapigo ya moyo usiku na mchana. Zisichukuliwe kuwa maagizo ya nyumbani.

Nimekichagua kwa sababu ya tumbo. Kombo hakuletwa hospitali kwa ajili ya pombe, aliletwa kwa ajili ya tumbo, na kwa karibu siku mbili kila aliyemgusa alikuwa akilitibu tumbo.

## Usuli

Kombo ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mume na baba, mkaazi wa Malindi mjini. Kazi yake hufuata msimu wa wageni: miezi ya kaskazi kuna pesa, mvua za masika zikianza hakuna. Alianza kunywa akiwa kijana, mnazi wa mangwe, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, jioni na wenzake. Kwa miaka miwili ya karibuni alikuwa amehamia pombe kali ya dukani, chupa mbili za robo lita kwa siku. Ikiwa kileo chake ni asilimia 40 kama ilivyoandikwa kwenye chupa, hizo ni takriban gramu 160 za alkoholi halisi kila siku.

Mkewe alitueleza baadaye jambo ambalo nyumbani kila mtu alikuwa akiliona na hakuna aliyelipa uzito. Asubuhi mikono ya Kombo ilitetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda. Akipiga funda moja la kile kichupa, mikono hutulia, naye akaenda kazini kama kawaida. Hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Mtu ambaye mwili wake hutulia kwa funda la asubuhi hanywi kwa mazoea tu. Mwili umejipanga upya juu ya pombe, na ukinyang'anywa kwa ghafla utaasi.

Chakula alikuwa akila mara moja kwa siku, tena kidogo. Kiungulia kilikuwa cha kila usiku, choo chepesi cha kila asubuhi, na suruali zilikuwa zimelegea kiunoni. Mwaka uliotangulia aliwahi kuacha kwa siku mbili, akatetemeka, akalowa jasho, akarudi kwenye chupa. Jaribio hilo la zamani nalo lina maana, kwa sababu mtu aliyewahi kuacha ghafla na kuumwa mara nyingi huumwa zaidi mara inayofuata.

Ilikuwa mwishoni mwa Shaabani. Kila anayefanya kazi ya afya pwani hii anaujua msimu huo. Wanaume waliokuwa wakinywa mwaka mzima huamua kuacha, wengine kwa toba ya kweli kabisa, na huacha siku hiyohiyo. Kombo alimwaga chupa yake mbele ya mama yake Alhamisi usiku, yapata saa tatu. Mama alilia kwa furaha.

## Yaliyotokea nyumbani

Ijumaa alfajiri, kama saa nane baada ya funda la mwisho, Kombo aliamka na kichefuchefu. Alijaribu chai ya tangawizi, ikarudi. Alijaribu maji, yakarudi. Mikono ilikuwa ikitetemeka na jasho jembamba limemtanda usoni. Kaka yake akasema maneno ambayo yaliongoza siku mbili zilizofuata: “Mwache, uchafu unatoka.”

Mchana, baada ya swala ya Ijumaa, shangazi mmoja alileta sanamaki. Majani yakachemshwa, akanyweshwa gilasi nzima ili tumbo lisafike upesi kabla ya mwezi mtukufu. Kiasi kikubwa kilitapikwa, lakini kilichobaki kilitosha. Kufikia usiku wa manane alikuwa anaharisha maji, na kutapika hakujakoma. Hakulala. Alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, mkewe akaona ni udhaifu wa kuhara.

Jumamosi saa tatu asubuhi kaka alikwenda duka la dawa akasema, “Mgonjwa wangu anatapika na kuhara tangu jana.” Hakusema pombe. Hakuulizwa. Alirudi na vidonge vya metoklopramidi vya kuzuia kutapika, loperamidi ya kufunga choo, na diklofenaki kwa maumivu ya mwili. Kombo alivimeza vyote kwa pamoja na kuvitapika muda si mrefu, safari hii matapishi yakiwa na michirizi ya damu nyekundu.

Saa saba mchana, saa 40 tangu funda la mwisho, alianguka chooni. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka wote, povu likamtoka, akajikojolea. Ilichukua kama dakika mbili. Nyumba ilijaa watu. Wapo waliosema ni jini, na kitabu kikaitishwa. Ustadh wa msikiti wa jirani alifika, akamsomea kwa ufupi, kisha akamwambia kaka yake, “Mwanangu, dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Leta tuktuk sasa hivi, kisomo tutaendelea nacho njiani.” Akapanda naye.

## Mapokezi

Mapokezi alielezwa kuwa mgonjwa wa “tumbo na kifafa”. Mkewe alikuwa akimsitiri mumewe, na katika mila zetu hilo ni jambo jema. Lakini kila dakika iliyopita ilimsogeza kwenye njia isiyokuwa yake. Tayari alikuwa anaandikiwa vipimo vya kipindupindu, ugonjwa ambao kaunti yetu ya Kilifi imewahi kupata milipuko yake na ambao hakuna anayeweza kuupuuza pwani.

Muuguzi mwenzangu alimchukua mke kando, akamwuliza kwa sauti ya chini, “Dada, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?” Hakumwuliza kama mumewe anakunywa. Swali la ndiyo au hapana lingejibiwa hapana. Swali la lini lilijibiwa, “Alhamisi usiku. Ameacha, wallahi.”

Kuanzia hapo picha ilibadilika. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 164 kwa 102, joto 37.6. Alikuwa mkavu wa mdomo, anatetemeka hata ulimi, hajui ni siku gani. Sukari ya damu ilikuwa 2.7, chini ya kawaida. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, na hicho hatukukiruka, kwani kutapika pamoja na kifafa pwani hakuachwi bila kupimwa malaria. Mkojo ulionyesha ketoni nyingi, dalili ya mwili unaounguza mafuta kwa kukosa chakula. Potasiamu ilikuwa 2.8, chini sana, na figo zilikuwa zinafanya kazi. Macho alituhakikishia anaona sawa. Tuliuliza hilo kwa sababu ya pombe yenye methanoli, alkoholi ya sumu, ambayo iliua watu Embu na kwingineko mwaka 2014 na Kirinyaga mwaka 2024, nayo hutapisha na kuumiza tumbo vilevile.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu sukari na thiamini, yaani vitamini B1. Mtu anayekunywa sana na kula kidogo huishiwa thiamini, na utumbo uliochubuliwa na pombe hauifyonzi vizuri hata akimeza vidonge. Akipewa glukosi nyingi bila thiamini, ubongo unaweza kudhurika: macho kuyumba, miguu kukosa mizani, akili kuchanganyikiwa, na wengine hubaki bila kumbukumbu maisha yao yote. Kwa hiyo desturi ni thiamini kwanza. Lakini sukari ya 2.7 kwa mtu aliyetoka kuanguka kifafa haingoji. Tulimpa vyote kwa wakati mmoja, glukosi mshipani na sindano ya mchanganyiko wa vitamini B iliyokuwepo kwenye sanduku la dharura, huku kaka akitumwa mjini kununua thiamini yenyewe. Ilipofika alipewa miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 3. Dozi ni kubwa, na sababu ni kwamba hatukuweza kutofautisha kuchanganyikiwa kwa baada ya kifafa na kule kwa kukosa thiamini. Katika hali hiyo mtu hukisia lililo baya zaidi.

Uamuzi wa pili ndio uliozua mjadala. Kombo alikuwa bado anatapika kila robo saa na familia ilitaka dawa ya kutapika. Daktari wa zamu alikataa kuanza nayo. Metoklopramidi haifai kwa mwenye kifafa, na inaweza kumfanya mtu asitulie, ahangaike miguu na mikono, hali ambayo kwa mtu anayeacha pombe huwezi kujua ni dawa au ni ugonjwa. Ondansetroni nayo huvuruga umeme wa moyo, hasa potasiamu na magnesiamu zikiwa chini, na potasiamu yake ilikuwa 2.8. Alisema, “Kinachomtapisha ni ubongo. Tuutulize ubongo, tumbo litafuata.”

Maelezo yake ni haya. Pombe hutuliza ubongo. Ikinywewa kila siku, ubongo hujibu kwa kupunguza nguvu ya mfumo wake wa kujituliza na kuongeza ule wa kujiamsha, ili mtu aweze kusimama na kutembea. Pombe ikiondoka ghafla, kule kujiamsha kunabaki peke yake. Moyo hukimbia, jasho hutoka, mikono hutetemeka, na kitovu cha kutapika ndani ya ubongo nacho huchochewa. Ndiyo maana mizani inayotumika duniani kote kupimia hali hii, iitwayo CIWA-Ar, yenye vipengele 10 na alama za juu 67, huweka kichefuchefu na kutapika kuwa kipengele kimojawapo, sambamba na kutetemeka na maruweruwe. Kombo alikuwa na alama 24. Kuanzia 16 huhesabiwa kuwa hali kali.

Alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, miligramu 10 mshipani, polepole. Vidonge vingetapikwa, na sindano ya msulini hufyonzwa bila mpangilio. Dozi ikarudiwa kwa kadiri ya alama, jumla miligramu 30 ndani ya saa nne, muuguzi akiwa kando ya kitanda akihesabu pumzi. Baada ya dozi ya pili matapishi yalipungua. Baada ya ya tatu yalikoma. Dawa ya kutapika haikuhitajika hata mara moja katika siku zote alizolazwa.

Potasiamu ilikuwa na hadithi yake. Tulianza kuirudisha kwa dripu, isiyozidi milimoli 10 kwa saa kwa mshipa wa mkono, na baada ya saa nyingi ikapanda kidogo mno. Magnesiamu ikiwa chini, figo huendelea kumwaga potasiamu hata uimwage ndani kwa ndoo. Kipimo cha magnesiamu hakikuwepo siku hiyo. Dawa yenyewe ilikuwepo, wodi ya wazazi, inakotumika kwa kifafa cha mimba. Daktari aliomba gramu 2, zikaingia kwa dripu ya polepole, wakunga wakatukumbusha kupima goti kwa nyundo, kuona kama magnesiamu imezidi, kama wanavyofanya kwa mama zao. Kesho yake asubuhi potasiamu ilikuwa 3.4. Nawashukuru wale wakunga mpaka leo.

Kuhusu damu, ilikuwa michirizi tu, ilikuja baada ya kutapika kwa nguvu kwa muda mrefu, na haikurudi matapishi yalipokoma. Hiyo ni sura ya mchubuko wa sehemu ambapo umio unaingia tumboni. Hatukuona choo cheusi, kiwango cha damu hakikushuka, na tumbo lilikuwa laini. Alipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na tukaandika kwenye faili: akitapika damu ya kujaa kikombe, au choo kikiwa cheusi kama lami, apelekwe rufaa saa hiyohiyo, kwa sababu kwa mnywaji wa muda mrefu inaweza kuwa mishipa ya umio iliyovimba kwa ugonjwa wa ini. Diklofenaki ilisimamishwa, kwa kuwa huchubua tumbo. Kwa maumivu ya mwili alipata paracetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, nusu ya ile ya mtu mzima wa kawaida, kwa ajili ya kulihurumia ini.

Alikuwa na maumivu chini ya chembe cha moyo. Jambo hili huwatega wengi: ukishajua ni pombe, kila kitu kinakuwa pombe. Tulihofia kuvimba kwa kongosho. Maumivu ya kongosho huchoma kupenya hadi mgongoni na hupungua mtu akiinama mbele. Yake hayakuwa hivyo, na kipimo cha damu kilikuwa cha kawaida. Hata hivyo kwa mnywaji wa miaka mingi kipimo hicho kinaweza kuwa cha kawaida na kongosho likawa linaungua, basi tumbo lake lilibonyezwa kila zamu kwa siku 3.

Kuhara hakukufungwa kwa dawa. Hakukuwa na homa kali wala damu chooni, na chanzo kikubwa tulikijua: sanamaki. Loperamidi ikasimamishwa. Kulikobaki ni kurudisha maji na chumvi.

## Kijiko kwa kijiko

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo ambayo familia inaweza kuifanya vizuri kuliko hospitali, na ndiyo ambayo hufanywa vibaya kwa mapenzi mengi.

Jumamosi usiku, matapishi yalipokoma, mkewe alipewa lita moja ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na kijiko cha mezani. Maagizo: kijiko kimoja kila dakika tano, mume akiwa ameinuliwa kichwa na yuko macho. Akitapika, pumzika dakika kumi, anza tena. Wengi hujaribu kumnywesha mgonjwa gilasi nzima kwa sababu ana kiu, tumbo linajaa kwa kishindo, linarudisha, na watu wanasema “hata maji hayakai”. Maji hukaa yakija polepole. Pakiti ichanganywe kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, zipo za nusu lita na za lita moja. Pasipo pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kupangusa, katika lita moja ya maji safi.

Mama alileta madafu Jumapili asubuhi. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi. Lakini sodiamu yake ni kidogo, na mtu aliyeharisha na kutoka jasho amepoteza sodiamu nyingi. Alipewa dafu baada ya ORS, halikuchukua nafasi yake. Kahawa chungu ilikatazwa, moyo ulikuwa unakimbia tayari. Mwarobaini ulirudishwa nyumbani kwa heshima.

Chakula kilianza Jumapili mchana, uji mwepesi wa mchele, nusu kikombe kila baada ya saa mbili. Jioni ndizi moja iliyopondwa. Jumatatu viazi vya kuchemsha na yai. Shangazi alikuja na sufuria ya biriani, na ilibidi tumweleze kwa upole kwa nini isifunguliwe. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha akishindiliwa chakula, mwili hutoa insulini kwa wingi, nayo huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Moyo unaweza kuyumba wakati kila mtu anafurahi kwamba mgonjwa amekula. Ndiyo sababu tulianza na kidogo, tukipima potasiamu kila siku. Shangazi alielewa, biriani wakala wauguzi wa usiku na majirani wa kitanda.

## Matokeo

Jumapili magharibi mwezi uliandama. Usiku huo, saa 72 na zaidi tangu funda la mwisho, Kombo alianza kuona wadudu wakitambaa kwenye chandarua. Alimjua mkewe, alijua yuko hospitali, lakini wadudu aliwaona. Alama zilikuwa zimeshuka hadi 9, zikapanda tena hadi 17. Kati ya siku ya pili na ya tano ndipo kuweweseka kwa kuacha pombe huja, na ndiko kunakoua. Diazepamu iliongezwa, taa ikaachwa inawaka, mke akakaa karibu akimsemesha. Hakuvuka hadi kuweweseka kamili. Jumanne maruweruwe yalikwisha.

Aliruhusiwa Alhamisi. Diazepamu ilikuwa imepunguzwa na kumalizwa wodini, hakupewa ya kwenda nayo. Alitoka na vidonge vya thiamini, omeprazoli ya wiki 4, na ratiba ya kurudi kwa ushauri nasaha kila wiki. Tumbo halikupona siku moja. Kwa wiki kama tatu choo kilikuwa mara chepesi mara kigumu, na maziwa yalimjaza gesi, kwani utumbo uliochubuka huchelewa kurudisha uwezo wa kuyasaga. Alikula mtindi badala yake.

Suala la saumu lilimuumiza kuliko sindano. Alikuwa ameacha pombe ili afunge, na sasa alikatazwa kufunga. Ustadh alikuja wodini, akakaa kitandani kwake, akamkumbusha ile ruhusa ya mgonjwa iliyomo ndani ya Qur'ani, kwamba idadi hulipwa siku nyingine. Kombo alianza kufunga katika kumi la mwisho, kwa siku chache, na alizobakisha alizilipa baadaye.

Siku ya pili ya Idi alikunywa, na ya tatu pia. Asubuhi iliyofuata aliamka na kichefuchefu, akaja mwenyewe kwa miguu yake, akasema, “Nimekosea, na sitaki kuacha peke yangu nyumbani.” Alama zilikuwa 5. Kwa sababu aliwahi kupata kifafa hatukumrudisha, alilala usiku mmoja kwa thiamini, ORS na uji, bila diazepamu. Kwa miezi iliyofuata mpaka naandika, hajanywa tena.

## Uchambuzi

Kaka yake Kombo si mjinga wala si mkatili. Alikuwa na ujuzi, ila ujuzi wa ugonjwa mwingine. Malindi imeishi na heroini kwa muda mrefu, mji una kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na karibu kila ukoo umemwona kijana akiwa kwenye arosto, yaani kuumwa kwa kukosa heroini: anatapika, anaharisha, mwili unauma, anafungiwa chumbani, baada ya siku kadhaa anatoka. Binamu yao alipita hivyo. Kaka alipoona matapishi aliona arosto, na kwenye arosto kutapika na kuhara ndiyo safari yenyewe. Heroini hulaza utumbo, ikiondoka utumbo huamka kwa vurugu. Arosto ina hatari zake, hasa kukaukiwa na maji, lakini kwa kawaida haileti kifafa. Kuacha pombe ghafla kunaleta, mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Magonjwa mawili yanafanana tumboni na kutofautiana kichwani. Ukiangalia tumbo peke yake huwezi kuyatenganisha. Angalia mikono, jasho, mapigo ya moyo, usingizi.

Imani ya kwamba uchafu unatoka ndiyo iliyofanya madhara zaidi, na naitilia mkazo kwa sababu nimeisikia tena na tena, hata kutoka kwa watu wa afya. Kufikia Ijumaa jioni pombe yenyewe ilikuwa imekwisha mwilini mwake, ini lilikuwa limeshaivunja. Hakukuwa na kitu cha kutoa. Kilichokuwa kikitoka ni maji, sodiamu, potasiamu na magnesiamu, vitu ambavyo moyo na ubongo wake vilivihitaji kuliko wakati wowote. Sanamaki iliongeza kasi hiyo. Magnesiamu ikiwa chini thiamini nayo haifanyi kazi yake sawasawa, na ubongo ulio kwenye hatari ya kifafa huzidi kuwa mwepesi wa kuanguka. Siwezi kusema kwamba bila sanamaki asingeanguka. Nasema alifika hospitali akiwa mgonjwa zaidi ya alivyostahili.

Duka la dawa lingeweza kuwa mlango. Ni mahali pa kwanza pa wagonjwa wengi, na swali moja lingetosha. Mtu mzima anayetapika na kutetemeka bila homa aulizwe mara ya mwisho kunywa ni lini, na kama asubuhi hutetemeka mpaka apate funda. Jibu likiwa ndiyo, asiuziwe chochote ila ORS, aelekezwe hospitali.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ustadh kupanda tuktuk. Sisi tulikuwa na dawa, lakini dawa zetu zilikuwa zikimngoja. Yeye ndiye aliyemtoa kwenye nyumba iliyokuwa inajiandaa kwa kisomo cha usiku kucha. Uamuzi wa kutoanza na dawa ya kutapika nao ulikuwa sahihi, na uliwezekana kwa kuwa daktari aliueleza kwa familia kwa maneno mepesi. Bila maelezo wangedhani mgonjwa wao ananyimwa, na kuna waliokuwa tayari kwenda kuinunua nje.

Ambacho hatujakitatua ni wakati. Kombo angekuja wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, angeandaliwa: thiamini mapema, vipimo, kitanda au uangalizi wa kila siku, dawa kwa ratiba. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla kabla ya kuonana na mtaalamu, hata nia ikiwa safi kiasi gani. Maneno hayo ni magumu kusemwa msikitini katika Shaabani, na mwenye haki ya kuyasema kule si mimi. Ustadh ameanza kuyasema kwa njia yake, mtu mmoja mmoja, baada ya swala. Walio mbali na hospitali au wanaoona haya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wakaulizia waanzie wapi.

Kombo bado ana kiungulia usiku, ingawa omeprazoli aliimaliza na pombe ameiacha. Tumempa rufaa ya Mombasa akapimwe tumbo kwa kamera, kuangalia vidonda na hali ya umio. Mkewe ndiye anayetunza tarehe.